Zilipendwa na Nani? Klabu za Zamani za Nairobi na Wanamuziki Wake wa Leo

Neno zilipendwa ni sentensi nzima. Lina kiambishi cha ngeli, zi-, cha wakati uliopita, -li-, mzizi -pend-, kiambishi cha kutendwa, -w-, kisha kiishio. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulichambua kwa dakika moja na kuendelea na swali la pili. Mimi limenisumbua kwa kile kisichokuwamo ndani yake, yaani mtendaji. Nyimbo zilipendwa, sawa, lakini na nani? Zilitungwa na nani, zikapigwa wapi, usiku ngapi kwa wiki, kwa ujira gani? Sarufi inaruhusu kauli ya kutendwa imwache mtendaji nje na sentensi ibaki salama. Historia ya muziki hairuhusu jambo hilo bila hasara.

Makala haya yanahusu namna tunavyozikumbuka klabu za muziki wa dansi za Nairobi za miaka ya 1970 na 1980, na namna kumbukumbu hiyo inavyowatendea wanamuziki waliobaki hai. Nadai kwamba tumezihifadhi nyimbo na kuisahau kazi iliyozizaa. Tunakumbuka mapenzi, mavazi, bia na mwanga wa taa, lakini hatukumbuki kwamba jukwaani palikuwa na watu walioajiriwa, waliochoka, waliogombana na wenye mali, waliohama mji kwa sababu ya kibali cha kazi. Kumbukumbu ya aina hiyo ni tamu, na utamu wake ndio unaotufanya tusiulize maswali.

Kwa nini Nairobi

Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mwanafunzi wa Namakwekwe aandike juu ya Nairobi wakati Jinja iko karibu na Kampala haiko mbali. Jibu la kwanza ni barabara. Kutoka Mbale unashuka Tororo, unavuka Malaba, na kutoka hapo njia ni moja hadi Nairobi. Malori yalipita humo, treni ilipita Tororo ikielekea Jinja na Kampala, na santuri zilizofyatuliwa Nairobi zilifuata njia hiyohiyo pamoja na sabuni na mabati. Mawimbi ya redio hayakuwa na haja hata ya kugongewa muhuri mpakani.

Jibu la pili ni kwamba sehemu ya historia ya klabu za Nairobi ilianzia kwetu. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, Kongo, alikuwa Kampala katikati ya miaka ya 1970 akiongoza kundi la Les Kinois. Mwaka 1977 alihamia Nairobi, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Philly Lutaaya naye alifanya kazi Kongo na Kenya kabla ya kwenda Uswidi mwaka 1984. Tukikumbuka hali ya Uganda chini ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, hatuna sababu ya kushangaa. Mwanamuziki wa dansi anaishi kwa usiku. Mji ambao watu wanaogopa kutoka nje baada ya magharibi ni mji uliomfukuza kazini bila kumwandikia barua. Kwa hiyo tunapowasikia wazee wa Nairobi wakisifu usiku wao wa mwaka 1978, tukumbuke kwamba baadhi ya wapigaji walikuwa wamekimbia usiku mwingine.

Jibu la tatu ni lugha, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Waganda wengi wa umri wa wazazi wetu walikutana na Kiswahili kikiwa kimevaa buti. Ilikuwa lugha ya kambi, ya kizuizi cha barabarani, ya mtu anayekuamuru ushuke. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, tunapoenda kufanya mazoezi ya kufundisha bado tunakutana na mzazi anayeuliza kwa nini mtoto wake afundishwe lugha ya askari. Muziki wa dansi ulikuwa mlango mwingine. Ulileta Kiswahili cha kubembeleza, cha kulalamika, cha kuomba radhi. Tukiupoteza mlango huo tumepoteza ushahidi kwamba Kiswahili kiliwahi kupendwa Uganda bila mtu kushurutishwa.

Baba yangu mkubwa alikuwa utingo wa lori katika miaka hiyo. Nyumbani kwake ana sanduku la santuri, ingawa mashine ya kuzipigia ilikufa zamani. Anajua rangi ya karatasi iliyo katikati ya kila santuri. Anaweza kupiga mluzi sehemu yote ya saksafoni, pumzi kwa pumzi, pale waimbaji wanapopumzika. Nilimuuliza ni nani aliyeipuliza saksafoni hiyo. Alitaja jina la bendi. Nilipouliza tena jina la mpulizaji, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la fundi aliyejenga daraja analolivuka kila siku. Simlaumu. Karatasi ya katikati ya santuri ilimpa jina la bendi na la wimbo, pengine na la mtunzi. Mpulizaji mara nyingi hakuandikwa.

Klabu kama mahali pa kazi

Majina ya klabu yanatajwa kwa urahisi na wazee wa Nairobi: Starlight, Garden Square, Hallian's, Bombax. Majina ya bendi pia: Orchestra Super Mazembe, iliyofika Nairobi mwaka 1974 kutoka Kongo kupitia Zambia na Tanzania, Baba National ya Baba Gaston, Les Mangelepa, waliomwacha Baba Gaston mwaka 1976, Simba Wanyika ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Arusha na Mombasa, na Les Wanyika, iliyozaliwa kutoka Simba Wanyika mwaka 1978.

Orodha hiyo ukiisoma haraka utaona mgawanyiko baada ya mgawanyiko. Masimulizi ya kawaida hueleza mambo haya kwa fitina: fulani alimwonea wivu fulani, fulani alitaka umaarufu. Wivu ulikuwepo, maana wanamuziki ni watu. Lakini tazama jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya kiongozi wa bendi, ya mwenye klabu au ya mfadhili. Mpiga gitaa aliyetoka aliondoka mikono mitupu; gitaa lilibaki. Fedha za mlangoni ziligawanywa kwa utaratibu ambao wapigaji hawakuupanga, na fedha za bia zilikuwa za mwenye baa. Katika hali hiyo mwanamuziki alikuwa na silaha moja tu, nayo ni kuondoka, na ilikata zaidi akiondoka na wenzake. Mgawanyiko wa bendi, kwa jinsi ninavyousoma, ulikuwa ndio mgomo wa wafanyakazi wasio na chama. Les Mangelepa kumwacha Baba Gaston kwa mkupuo, na wanamuziki wa Simba Wanyika kuanzisha Les Wanyika, ni matukio ya historia ya kazi kama yalivyo matukio ya historia ya muziki. Tukiyaita fitina tunamaliza hadithi kabla haijaanza.

Santuri yenyewe inatuficha kazi hii kwa njia nyingine. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande. Wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, yenye beti na hadithi, na sehemu ya pili upande wa pili, ambapo magitaa yanachukua uongozi na maneno yanapungua. Msikilizaji wa nyumbani aliinuka, akaigeuza, akaketi tena. Klabuni hapakuwa na kugeuza. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi yaliingia moja juu ya jingine, ngoma zikabadili mwendo, na sehemu ya pili ikarefushwa kadiri sakafu ilivyojaa. Aliyeamua urefu wa wimbo ni wacheza dansi, na waliolipa kwa viwiko na vidole ni wapigaji.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kwamba bendi ya wazee leo haipigi kama kwenye santuri, nashindwa kuelewa kipimo chake. Bendi hiyo haikuwahi kupiga kama kwenye santuri hata ilipokuwa changa. Santuri ilikuwa kama picha ya pasipoti. Anayemjua mtu kwa picha ya pasipoti pekee asishangae akikutana naye anacheka.

Lugha ya klabu

Chukua jina la Les Wanyika. Les ni neno la Kifaransa. Wanyika ni Kiswahili, lenye mwangwi wa bendi mama iliyojiita simba wa nyika. Kundi ambalo wengi wa waanzilishi wake walikuwa Watanzania, likifanya kazi katika mji mkuu wa Kenya, liliazima Kifaransa kwa sababu bendi za Kongo zilikuwa zimeonyesha kwamba neno hilo dogo linauza tiketi. Katika maneno mawili tunapata biashara, uhamiaji na heshima ya lugha. Sijui shairi la silabasi yetu linalobeba mambo matatu kwa ufupi huo.

Sasa chukua wimbo wa Shauri Yako. Mwalimu wa sarufi angeuwekea kichwa chake alama nyekundu. Shauri ni nomino ya ngeli ya LI-YA: shauri lako, mashauri yako. Lakini watu wa Afrika Mashariki waliuimba na kuuelewa, na hakuna aliyesubiri upatanisho wa kisarufi ndipo aumwe na moyo. Hiki ndicho Kiswahili kilichozungumzwa kwenye vituo vya malori, gereji na sokoni, kutoka Lubumbashi hadi Mombasa, na bado ndicho tunachokisikia Namakwekwe kwa mafundi wa pikipiki. Darasani tunafundishwa kukikosoa, na ni sawa, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini mhakiki ana kazi zaidi ya msahihishaji. Anapaswa kuuliza lahaja hii ya klabu iliweza kusema nini, na nani aliweza kusema kupitia kwake. Jibu ni kwamba mtu wa Katanga, wa Tanga na wa Kampala waliweza kukaa kwenye jukwaa moja na kueleweka na mteja wa Nairobi aliyelala akizungumza Kikuyu, Kiluhya au Kijaluo.

Wimbo huohuo unatupa mfano mwingine wa mtendaji aliyepotea. Wasikilizaji wengi wanaujua kama wimbo wa Super Mazembe. Ndio walioueneza kwetu, na kwa haki wanasifiwa. Mtunzi wake ni Nguashi N'timbo wa Kongo. Tunaujua mfano mkubwa zaidi wa Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa baadaye na Miriam Makeba na wengine duniani kote, huku ubishi juu ya mtunzi wake wa kwanza ukiendelea hadi leo. Wimbo unaweza kuzunguka dunia nzima na swali la na nani likabaki nyumbani bila jibu.

Jambo linalofuata ni uraia. Mazungumzo juu ya klabu za Nairobi huishia mara nyingi kwenye ubishi: je, huu ni muziki wa Kenya, wa Kongo au wa Tanzania? Ubishi huo una historia ya kiserikali. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilitoa agizo kwamba robo tatu ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kenya. Agizo halikudumu, lakini swali lililoliamsha liliendelea: nani wa kwetu? Katika miaka ya 1980 vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni viligeuka kuwa mashaka ya kudumu. Siwezi kuwadharau wanamuziki wa Kenya waliolia kwamba wageni wanajaza klabu zote. Nao walikuwa na watoto wa kulisha. Ninachopinga ni mhakiki wa leo kuurithi ubishi wa ofisi ya uhamiaji na kuufanya kipimo cha sanaa. Afisa alihitaji kujua bendi ni ya nchi gani ili agonge muhuri. Msikilizaji anahitaji kujua bendi ilifanya nini ili asikie.

Wanamuziki leo

Ndugu wa Kinyonga wote wawili walifariki katika miaka ya 1990. Kanda za kunakili zilikuwa zimekwisha kuua soko la santuri, na mwenye duka la kunakili hakuwa na haja ya kumtafuta mtunzi. Samba Mapangala alihamia Marekani. Lutaaya alitangaza hadharani mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI, akazitumia nyimbo na miezi yake ya mwisho kuwaonya wengine, akafariki Desemba mwaka huohuo.

Wanamuziki wa kizazi hiki wanapofariki, vyombo vya habari huandika makala yanayofanana. Aya ya kwanza husifu wimbo mmoja. Aya ya pili husema marehemu alikufa maskini. Aya ya tatu hutaja pombe na wanawake. Nimesoma makala ya namna hiyo mengi kiasi cha kuweza kutabiri mahali koma itakapowekwa. Yanauliza marehemu alizitumia vipi fedha zake. Hayaulizi kama fedha zilimfikia. Mirabaha, ambalo ndilo neno letu la malipo ya hakimiliki, halitokei. Msomaji anafunga gazeti akiamini kwamba umaskini wa msanii ni tabia yake, kumbe sehemu kubwa ni hesabu ambayo haikufungwa.

Kuna waliofanya vizuri zaidi. Asasi ya Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imewatafuta wanamuziki wa zamani, ikawahoji na kuwarekodi, na matoleo yake huja na vijitabu vyenye majina ya watu na maelezo yao. Les Mangelepa, wakiongozwa na Kabila Kabanze, anayejulikana kama Evany, walirekodi na Ketebul albamu iitwayo Last Band Standing. Jina hilo lina majivuno na huzuni kwa pamoja: bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Thamani ya kazi kama hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba inamruhusu mzee asikike akiwa mzee. Sauti ya mtu wa miaka 70 haina haja ya kujifanya ya miaka 25. Inajua mwisho wa hadithi ambayo kijana aliimba mwanzo wake tu.

Tukitazama pande nyingine tunaona kwamba kubaki kunawezekana. Afrigo Band ilianzishwa Kampala mwaka 1975 na bado inapiga chini ya Moses Matovu, ambaye saksafoni yake imepita serikali kadhaa. Dar es Salaam, Msondo Ngoma wana mizizi yao katika NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Sikinde katika Mlimani Park ya mwaka 1978. Bendi hizi za Dar zilianzishwa chini ya taasisi, chama cha wafanyakazi kwa Msondo na shirika la umma kwa Sikinde, zikilipa mishahara na kumiliki vyombo. Msondo na Sikinde wanatupa jibu la kiuchumi pale tulipozoea kutoa la kihisia. Kuhusu Afrigo, wanachama kumiliki jina na bendi yao wenyewe kumewasaidia kutotawanyika. Umri mrefu wa bendi una sababu zinazoweza kuchunguzwa.

Halafu likatokea jambo la Kasongo. Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchukua wimbo huo wa Super Mazembe wa miaka ya 1970, wakaufanya mzaha wa kisiasa, na Kasongo likawa jina la utani la Rais wao. Ukasikika kwenye simu, kwenye matatu, na kwetu Mbale kwenye boda boda. Wimbo wenyewe ni wa mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Wengi wa waliouimba hawakuwa wamezaliwa klabu zilipofungwa.

Wapo waliokasirika kwamba vijana wameuchezea urithi. Mimi niliona mambo mawili. La kwanza, kiambishi -li- kilikuwa kimepotosha: wimbo uliotangazwa kuwa ulipendwa ulikuwa bado unapendwa, na uliweza kufanya kazi mpya ambayo watunzi wake hawakuiwaza. La pili, hata katika kufufuka huko mtendaji aliachwa tena. Kipande cha sekunde chache kilizunguka mamilioni ya simu, na jina la mwimbaji halikuzunguka nacho. Teknolojia ilibadilika kutoka santuri hadi simu, lakini kosa la karatasi ya katikati lilibaki lilelile.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa. Mtu atasema: bila tamaa ya zamani, bila vipindi vya zilipendwa redioni Jumapili mchana, bila wazee wanaolipa kiingilio ili walie kidogo, nyimbo hizi zingekwisha kufa. Ni kweli. Kumbukumbu tamu imezilinda nyimbo pale ambapo vyuo na serikali vilikuwa vimelala, na mtangazaji wa kipindi hicho amefanya kazi kubwa kuliko maktaba nyingi. Lakini ulinzi huo una masharti yake. Humtaka mzee apande jukwaani na kurudia nyimbo tano zilezile. Akithubutu kusema ana wimbo mpya, watu huenda kununua soda. Nimeliona hilo katika tamasha moja hapa mashariki mwa Uganda: mpiga gitaa mwenye mvi alipoanza utunzi wake wa karibuni, ukumbi ukaanza kuzungumza. Alipourudia wimbo wa zamani, simu zikainuliwa kumrekodi. Tulimheshimu kama kaburi linavyoheshimiwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Maandishi mengi ya kitaaluma juu ya muziki huu yameandikwa kwa Kiingereza. Vitabu vya Kelly Askew na Alex Perullo juu ya muziki wa Tanzania ni vya Kiingereza, na vijitabu vya Ketebul pia. Nawashukuru waandishi wake. Lakini matokeo ni kwamba nyimbo ziko kwa Kiswahili na maarifa juu yake yako kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili kinafaa kuimbia na hakifai kufikiria. Mwanamuziki John Kitime ameonyesha kinyume chake kwa kuandika kwa Kiswahili, kwa miaka mingi, juu ya bendi za Tanzania na watu wake, mtu kwa mtu. Sisi wa vyuo tumekuwa wazito. Tunaandika tasnifu juu ya tamthilia zilezile na riwaya zilezile, na mpiga besi anayeishi mtaa wa pili anazeeka.

Na hatuna haja ya kwenda Nairobi kuanza. Hapa Mbale, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, imbalu inapozinduliwa Mutoto, wapigaji wa kadodi hutembea maili nyingi mbele ya vijana wanaokwenda kutahiriwa. Miaka mingine hukodiwa na wanasiasa na wenye harusi. Tunawapiga picha. Tunaijua ngoma yao kiasi kwamba miguu yetu inaitikia kabla ya masikio. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja jina la mpigaji mmoja, aliyemfundisha, mwenye ngoma, na kiasi anacholipwa kwa siku? Tukiendelea hivi, baada ya miaka 40 tutawaandalia kipindi cha zilipendwa na kuuliza kwa huzuni walikwenda wapi.

Napendekeza jambo dogo linaloweza kuanza likizo hii. Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyepiga, aliyeimba, aliyekusanya viingilio mlangoni au aliyefagia ukumbi, Jinja, Mbale, Tororo au Busia. Amsikilize kwa adabu tuliyofundishwa nyumbani, mzee azungumze kwanza, nasi tunyamaze. Kisha aulize: Gitaa lilikuwa la nani? Mlianza saa ngapi na kumaliza saa ngapi? Fedha ziligawanywaje? Nani alitunga, na nani aliandikwa? Kwa nini uliacha? Sasa hivi unapiga nini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kuwekwa idarani, mahali ambapo mwanafunzi ajaye atayakuta.

Nimekwisha kurudi kwa baba mkubwa na sanduku lake, nikiwa na daftari. Tumeorodhesha santuri 31. Upande wa kushoto tumeandika wimbo na bendi, kama alivyonipa. Upande wa kulia, penye nafasi ya wapigaji, mistari mingi bado haina kitu, na tumekubaliana kuijaza mmoja mmoja.